Fundi wa Gurudumu na Kiti cha Saba

Asubuhi yangu ya kwanza kazini nilimkuta mtu mzima mwenye mvi na ovaroli ya bluu amejikunja ndani ya kiti cha kitoto, magoti yakikaribia kidevu, macho ameyafumba. Injini ilikuwa inanguruma lakini gurudumu la kuzungusha watoto hewani limesimama. Nikadhani ni mgeni aliyejipenyeza getini. Nikamwambia kwa sauti ya kazi, kwa sababu nilikuwa nimevaa sare mpya na nilitaka ionekane, "Mzee, hatujafungua bado."

Akafumbua jicho moja. "Najua hatujafungua. Mimi ndiye ninayefungua. Vuta huo mkono wa chuma, taratibu, halafu ukinisikia nasema basi, uachie."

Nikauvuta. Akapanda juu na macho yake yaliyofumbwa, akazunguka mara moja, akasema basi, akashuka, akaingia kiti kilichofuata. Viti vilikuwa kumi na viwili, na alivipanda vyote. Alipomaliza alijipangusa vumbi, akaniuliza wewe ndiye mkata tiketi mpya, nikasema ndiyo, akasema, "Mkono wako mzuri, hauna pupa." Tangu siku hiyo kazi ya kumzungusha kila asubuhi ikawa yangu, na jina langu likawa Mama Tiketi, ingawa wakati huo sikuwa mama wa mtu yeyote.

Sisi wote tulimwita Fundi, na wageni walimwita Fundi, na hata leo nikitaka kumtaja kwa jina lake naona kama namsema mtu mwingine. Mambo ya ukoo wake siyajui sana, alikuwa mtu wa Kondoa na yanatosha. Nataka kumweleza alivyokuwa. Lakini nisije nikaonekana namsifia bure, niseme kabisa mapema kwamba mtu huyu nilimkosea, kosa kubwa, na nikakaa nalo miaka sita nikiwa na mdomo wangu mzima wa kulisema.

Mahali penyewe palikuwa nje kidogo ya mji wa Dodoma, ukishaipita Miyuji, kwenye eneo la mzee mmoja mstaafu ambaye sisi tulimwita bosi. Alianza na bustani ya wanyama: simba mmoja mzee, nyani, mbuni wawili, pundamilia, chatu, na kobe ambao watoto waliwapenda kuliko simba kwa sababu waliruhusiwa kuwagusa. Serikali ilipohamia na mji ukajaa familia ambazo Jumapili hazijui pa kuwapeleka watoto, bosi akaongeza michezo: bembea, treni ndogo iliyozunguka banda la kobe, na lile gurudumu, ambalo juu yake uliona mashamba ya zabibu na mapaa mapya yakizidi kila mwezi. Lilinunuliwa likiwa limeshatumika kwa watu wengine. Fundi alilipokea vipande vipande, akalifunga, na kwa namna alivyolitunza ungedhani amelizaa.

Alikuwa na desturi ya kuwasalimia wanyama. Akiingia getini alipita kwenye mabanda yote kabla ya kwenda kwenye mashine yake, na kila banda alisema, "Mbukwenyi!" kwa Kigogo, yeye ambaye Kigogo chake kiliishia kwenye salamu. Mlishaji wa wanyama, aliyekuwa Mgogo wa kuzaliwa, alimcheka. "Fundi, yule simba ameletwa kutoka mbali, Kigogo atakijulia wapi?"

"Ameishi hapa miaka mingi kuliko mimi," alijibu. "Mimi ndiye mgeni. Mgeni anasalimia kwa lugha ya wenyeji."

Nyuma ya banda la simba ndipo alipotandika mkeka wake wa kusalia. Mlishaji alimwambia kuna sehemu nyingine zenye kivuli na zisizonuka. Akasema simba ndiye peke yake asiyemkatiza, wanadamu hata ukiwa kwenye sijda wanakuuliza spana namba kumi na tatu iko wapi.

Na simba huyo ndiye aliyetugombanisha na wageni. Alikuwa mzee, meno yamebaki ya kuhesabu, akila polepole kama bibi anayetafuna muwa. Ikawa mlio wa gurudumu unamsumbua, akisikia anaacha nyama na kuzunguka banda. Fundi alipogundua hilo akaamua, bila kumuuliza mtu, kwamba saa kumi jioni simba anapolishwa gurudumu linasimama. Popote lilipo. Watoto waliokuwa juu walibaki juu, robo saa nzima, wakimtazama simba akila kutoka angani. Mama mmoja alikuja dirishani kwangu akiwa amevua kilemba kwa hasira, akataka kumwona mwenye mali. Fundi akamwendea, akamwambia kwa upole, "Mama, na wewe ukiwa mezani jirani akapiga nyundo ukutani, utameza?" Yule mama alifunga kilemba chake upya, akarudi kumsubiri mwanawe. Baada ya miezi miwili watu walikuwa wanauliza kwa simu gurudumu linasimama saa ngapi, maana watoto walikwenda shule wakasimulia kwamba wamemwona simba akila chini yao, wakataka kurudi na wenzao.

Muziki aliukataa kabisa. Bosi alileta spika kubwa nyeusi, akaifunga kwenye nguzo karibu na mashine ili tufanane na viwanja vya michezo vya mijini. Ilipiga kutwa moja. Siku ya pili waya ulikuwa umechomolewa na kuviringwa vizuri, umewekwa mezani kwa bosi na karatasi juu yake: "Sisikii mashine." Bosi alifoka, akatishia, akarudisha waya. Ukachomolewa tena. Mwisho spika ikahamia kwa kobe, ambao hawakulalamika.

Kwa sababu Fundi alifanya kazi kwa masikio. Nilipomuuliza kwa nini anafumba macho akipanda, alisema chuma kinaongea lakini macho yanakula maneno. Aliposhuka alinipa taarifa kana kwamba ametoka kuwajulia hali wagonjwa wodini: kiti cha pili kimepona, kiti cha tisa kinakohoa, kiti cha saba kinalalamika. Kiti cha saba kililalamika miaka yote niliyokuwa pale. Kila mara alikipaka grisi, akakaza, akasikiliza tena, akasema, "Huyu ana tabia ya mtoto wa mwisho."

Kwa watoto alikuwa mkali. Sauti yake ilikuwa ya maneno manne tu, akiyarudia kwa kila anayepanda, tajiri kwa maskini: "Kaa katikati. Mikono miwili." Hakuwahi kumbembeleza mtoto anayelia wala kumsifia anayecheka. Mtoto wa mkubwa mmoja wa serikali alikataa kushika kwa mikono miwili kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na aiskrimu. Fundi alizima injini, akaketi chini, akasubiri. Foleni nzima ikasubiri naye. Mtoto alikula aiskrimu yake mpaka mwisho, akajifuta, akashika, injini ikawashwa. Mkubwa mwenyewe alisimama pale na miwani yake ya jua, na alipoondoka nilimsikia akimwambia mke wake kwamba ofisini kwake angetaka watu watatu wa namna ile.

Lakini mtu huyo huyo mkali, raundi ya mwisho ya kila Ijumaa aliwapa kina mama waliouza karanga na ubuyu nje ya geti. Walijaa viti vyote kumi na viwili na mabeseni yao wameyaacha kwangu. Bibi muuza ubuyu, aliyekuwa mkubwa wao, alipiga kelele tangu gurudumu linaanza mpaka linasimama, akiwataja watakatifu wote aliowajua, halafu akishuka anauliza kama kuna nafasi tena. Siku hizo ndizo peke yake nilizomwona Fundi akicheka meno nje. Mimi na yeye tulibaki chini, kwa sababu lazima abaki mtu wa kuvuta mkono wa chuma, na yeye hakutaka kupanda jioni.

Nilikuja kugundua sababu siku moja ya upepo wa mwezi wa saba. Nilikuwa nimemfikisha juu kabisa na kiti cha nne, injini ikazimika yenyewe. Nikamwambia subiri, naiwasha. Nikatazama juu, nikaona mikono yake imekishika chuma mpaka vifundo vimebadilika rangi, na midomo inasoma. Nilipomshusha alikuwa amelowa jasho katika baridi ile. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Naogopa," alisema, bila aibu yoyote. "Tangu utoto naogopa juu. Hata mwembe sijawahi kupanda."

"Sasa kwa nini unapanda kila siku, mara kumi na mbili?"

Akanitazama kwa mshangao. "Sasa mtoto wa mtu nimpandishe mahali ambapo mimi mwenyewe sijapanda?"

Nilikaa na jibu hilo siku nzima. Nilijua basi kwamba kila asubuhi alikuwa anauweka woga wake mkononi mwangu, na kwamba maneno yale ya siku ya kwanza, mkono wako hauna pupa, hayakuwa ya kunifurahisha. Ndiyo maana pia alinipa ufunguo wa pili. Wa kwanza aliuvaa shingoni kwa uzi, chini ya ovaroli. Wa pili aliuleta dirishani umefungwa kwenye gazeti, akasema, "Huu ni wa siku nikifa. Kabla ya hapo hauwashi kitu." Nikauweka kwenye droo, chini ya vitabu vya tiketi.

Nilipopata ujauzito nilimwambia yeye kabla ya mama yangu aliyeko Kongwa. Hakuuliza wa nani. Alitafuta kigoda, akakipigilia miguu ikae imara, akakileta karibu na mkono wa chuma ili niwe namzungusha nimekaa.

Mfungo wa mwaka huo sote tulikuwa na hakika utatimia siku thelathini. Fundi mwenyewe, aliyefunga na kufuatilia, alihesabu hivyo. Kwa hiyo siku ile ya ishirini na tisa, kiti cha saba kilipolalamika kwa sauti ambayo hakuipenda, hakuwa na wasiwasi. Alichunguza pini iliyokishika, akaona imelika. Akaniita nione. Akachukua kipande cha kanga nyekundu, akakifunga kwenye kiti kile na kukikaza kwa fundo lake la kufungia ndama, akasema, "Kesho asubuhi napeleka kipimo kwa fundi wa kukereza vyuma, mchana ninayo pini mpya, keshokutwa Idi tunafungua." Jioni hiyo hiyo mwezi ukaandama. Idi ikawa kesho.

Alfajiri alipita kazini akiwa na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kofia kichwani, akielekea kwenye sala. Mkerezaji naye alikuwa Mwislamu, karakana yake ingefungwa siku nzima. "Nitasali, kisha nitamfuata nyumbani kwake nimbembeleze afungue," aliniambia. "Gurudumu halizunguki mpaka nirudi. Si kiti cha saba peke yake. Lote. Wakisumbua waambie Fundi kakataa."

Nikasema sawa. Nilisema sawa, na nilimaanisha.

Kufika saa tano geti lilikuwa limefurika. Watoto wa Idi unawajua, magauni ya kumeta, suti za kitoto zenye tai, viatu vipya vinavyobana, na kila mmoja amekuja kwa ajili ya gurudumu. Bosi akanijia dirishani. "Dada, viti vibovu vingapi?" Nikasema kimoja. "Basi kumi na kimoja ni vizima. Unao ufunguo, unajua kuendesha. Washa." Nikamwambia Fundi amekataa. Akasema, "Fundi ni mwajiriwa kama wewe," akanitazama tumbo, akaondoka. Nikafungua droo.

Ningeishia hapo, kosa lingekuwa la watu wawili. Kwa saa mbili viti kumi na kimoja vilizunguka salama, na mimi nikaanza kujiona fundi. Foleni haikupungua. Kukawa na mtoto wa kike wa miaka minane hivi, gauni la njano, aliyekuja na dada zake wakubwa, na kila raundi kiti kikijaa mbele yake. Akanionyesha kile chenye kitambaa. "Mbona kile hakina mtu?" Nikatazama. Kilikuwa kinaonekana kizima kuliko vyote, kimepakwa grisi jana yake. Nikajiambia raundi moja tu, mtoto mwepesi huyu. Fundo lilikuwa limekazwa haswa, vidole vilishindwa, nikainama nikalifungua kwa meno. Kitambaa nikakitia mfukoni. Nikampandisha. Sikumwambia akae katikati.

Pini ilichomoka mzunguko wa tatu, kiti kikiwa kinashuka. Mungu alimpenda mtoto yule, hakuwa juu. Alianguka kutoka usawa wa kichwa changu, akaangukia mkono, na nilisikia mfupa kabla ya kumsikia mwenyewe akilia.

Fundi alifika watu wakiwa wamezunguka. Alikuwa na pini mpya mkononi, imefungwa kwenye gazeti. Aliwapenya watu, akapiga magoti, akachana upindo wa kanzu yake ya Idi, akaufunga mkono wa mtoto juu ya mbao mbili nyembamba alizong'oa kwenye boksi la soda. Akafunga vizuri, kwa utulivu, mtoto akanyamaza. Kisha akainua macho akanitazama mimi. Alinitazama usoni kitambo, mdomoni hasa, sikujua kwa nini. Baba wa mtoto alifika mbio kutoka kwenye mabanda, akamtambua Fundi ingawa alikuwa na kanzu, akamtukana matusi ambayo sitayaandika. Fundi alisema, "Pole sana, baba," na akambeba mtoto mpaka kwenye gari.

Siku mbili baadaye tulikutana ofisini watu wanne: bosi, baba wa mtoto, Fundi na mimi. Bosi hakusema kwamba ndiye aliyeniagiza niwashe. Alisema Fundi aliondoka kazini siku ya watu wengi, akamwachia binti ufunguo. Akanigeukia. "Alikuachia ufunguo?"

Nikasema ndiyo. Na ni kweli, aliniachia.

Baba wa mtoto akamuuliza Fundi kwa nini alikiacha kiti kibovu kikatumika. Fundi akasema, "Nilikifunga kitambaa chekundu. Mama Tiketi alikuwepo nikifunga." Kisha akanigeukia, akasema taratibu kama alivyozoea kuniomba nimshushe, "Mama Tiketi, sema."

Kitambaa kilikuwa kwenye mkoba wangu, miguuni pangu. Meno yaliyofungua fundo lile ndiyo yaliyofunguka nikasema, "Mimi sikuona kitambaa."

Hakubisha. Angeweza kueleza ule ufunguo alinipa kwa masharti gani, angeweza kuuliza nani aliwasha injini. Alitazama kigoda nilichokikalia, kile alichonitengenezea, ambacho nilikuwa nimekileta ofisini kwa sababu ya mgongo. Akavua uzi shingoni, akaweka ufunguo wake mezani, akatoka. Nilimsikia akipita kwenye mabanda. Siku hiyo hakumsalimia mnyama yeyote.

Watu wataniuliza niliogopa nini. Niliogopa kufukuzwa nikiwa na mimba bila mume, nikarudi Kongwa kuwa mzigo kwa mama. Ni sababu, lakini nimeitazama kwa miaka sita na haijawahi kuzidi uzito wa yale maneno matatu. Mji wetu si mkubwa kama unavyoonekana. Jina la Fundi aliyeangusha mtoto lilizunguka, na hakuna aliyempa tena mashine yoyote. Gurudumu halikuzunguka tena, bado limesimama pale na ndege wamejenga viota vitini. Simba alikufa. Nami niliondoka binti yangu alipoanza kutembea.

Bibi muuza ubuyu ndiye aliyeniambia, mwaka huu, kwamba yuko Chemba. "Ana kigurudumu chake cha mbao," alisema, "anakizungusha kwa mkono siku za mnada." Aliponiambia hivyo nikajua sina pa kujificha tena. Nikamvalisha binti yangu, nikatia kile kitambaa kwenye mkoba, tukapanda basi la Kondoa, tukashuka Chemba siku ya mnada.

Ng'ombe walikuwa upande mmoja, mitumba upande mwingine, na yeye katikati, penye kelele za watoto. Gurudumu lilikuwa la viti vinne, nguzo za mbao, ekseli ya chuma chakavu, na mpini mrefu wa kuzungushia. Amekonda, mvi zimeenea mpaka kwenye nyusi. Ovaroli ni ile ile. Nilisimama mbele yake nikasema, "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mama Tiketi." Alisema hivyo kama vile nimechelewa kazini kidogo tu. Akamtazama mtoto. "Huyu ndiye yule?"

"Ndiye."

"Anataka kupanda?"

Binti yangu alishaanza kukimbilia kiti. Fundi akamzuia kwa kiganja. "Ngoja, mjukuu. Hapa anapanda kwanza aliyekuleta. Akishuka mzima, unapanda wewe."

"Zamani ulikuwa unapanda mwenyewe," nikasema.

"Zamani nikisema kiti ni kizima au kibovu, watu waliniamini," akasema. "Sasa kila mtu apime mwenyewe."

Nikapanda. Akauvuta mpini, nikainuka juu ya mnada, na alipofika pa kunisimamisha juu kabisa, nikaona migongo ya ng'ombe, vumbi na mabati ya Chemba, na yeye chini, mdogo, uso ameuinua. Nikaona nisiposema pale sitasema. Nikasema kwa sauti, wazazi waliokuwa kwenye foleni wakisikia, "Fundi, kitambaa nilikifungua mimi. Nilikiona, nikakifungua, halafu nikasema sikuona."

"Najua," akasema. "Ulikuwa na nyuzi nyekundu mdomoni. Kaa katikati, nikushushe."

Nilishuka nikilia, sikujali watu. Nikamtolea kitambaa. Hakukipokea.

"Yule mtoto mkono wake ulipona?" akaniuliza.

Sikujua. Miaka sita, na sikuwahi kwenda kuuliza. Aliona usoni kwangu kwamba sijui.

"Ulinyooka," akasema. "Anaandikia huo huo. Nilikwenda kumjulia hali kila wiki mpaka gipsi ilipotolewa. Mwanzoni baba yake alinifukuza, baadaye akawa ananipa kiti. Wanakaa Miyuji, geti la kijani, nyuma ya kisima. Mpaka leo msichana anajua ni mimi niliyekiacha kiti kibovu. Hicho kitambaa mpelekee yeye."

Miyuji ndipo ninapokaa. Kisimani hapo ndipo ninapochota maji.

Akampandisha binti yangu. "Kaa katikati. Mikono miwili." Akamzungusha polepole, sikio amelielekeza kwenye ekseli, na mwanangu akacheka mpaka akapata kwikwi. Foleni ilipoisha na watu wakaanza kuswaga ng'ombe wao, nilimwendea. Nilitaka kitu kimoja kabla ya kuondoka, nikadhani baada ya yote yale ni kitu kidogo. Nikaushika mpini, nikamwambia, "Panda, Fundi. Nikuzungushe raundi moja, kama zamani."

Aliutazama mkono wangu uliokuwa kwenye mpini.

"Nilishakusamehe siku nyingi, Mama Tiketi. Usiku wowote ukikosa usingizi, isiwe kwa ajili yangu," akasema. "Ila kupanda, hapana."

Akaniondoa vidole kwenye mpini, kimoja kimoja, kwa upole, akaanza kufungua viti.

Wiki hii nimelipita lile geti la kijani mara mbili na ndoo yangu kichwani. Mara ya pili nilimsikia msichana ndani akimwelekeza mdogo wake hesabu, sauti kubwa ya binti aliyekua. Leo nimekwenda bila ndoo. Nimesimama hapo muda, kitambaa mkononi, nikapiga hodi, na baba yake akaitikia karibu.